Tambi Hazimsubiri Baba

Supu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mezani. Jumapili ile niliyojaribu kwa mara ya kwanza kupika tambi za Kijapani za supu, yaani ramen, nyumbani kwetu Panda, mjini Likasi huku Katanga, nilipakua kwa utaratibu tuliolelewa nao: baba watoto kwanza, kisha kambo, mzee wetu wa nyumba, kisha wageni wawili, kisha watoto kwa umri wao. Kambo akataka tusali, na sala ya kambo haina haraka. Baba watoto akapigiwa simu, akatoka nje. Aliporudi, tambi zilikuwa zimeinywa supu yote na kuvimba, na kitinda mimba wangu akauliza kwa nini leo mama amepika uji wa makaroni.

Tangu siku hiyo nimekipika chakula hiki mara nyingi, na kinamama wenzangu wakinisimamisha njiani, wa Panda kwa wa komini ya Kikula, huniuliza jambo moja: sosi ya Kijapani inauzwa wapi? Mimi huwauliza nao: kwenu nani anapakuliwa kwanza? Wanacheka. Lakini sosi ina mbadala, vijiti vina mbadala, hata mfupa una mbadala. Dakika tano hazina. Tambi ikishaingia kwenye supu ya moto imeanza kulainika, na mikahawa ya Japani imepangwa kwa kulijua hilo: mteja anaketi, bakuli linakuja likifuka mvuke, anavuta tambi kwa kelele, anamaliza, anampisha mwingine. Nyumba ya Katanga haikupangwa hivyo, wala sioni sababu ya kuipangua kwa ajili ya tambi. Tafuta tambi zinazoweza kusubiri sala. Zipo, nitazifikia.

Kwanza niwaokolee safari. Panda haina mkahawa wa tambi za Kijapani. (Mgeni akisikia jina la komini yetu hudhani ni mkahawa wa Kichina, akifika anakuta reli, viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines na nyumba za kambi za wafanyakazi.) Kuwapakia watu wanane kwenye gari hadi Lubumbashi, kilomita kama 120, kwa ajili ya bakuli moja moja ni kuigeuza nauli kuwa kitoweo. Pesa hiyo hiyo inanunua kuku mzima, mayai, pakiti mbili za tambi, na makala (mkaa) ya jiko la mbabula ya kutosha wiki.

Wala Japani si nchi ngeni kwa wazee wetu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, mwendo mfupi tu kutoka Likasi. Miaka ya 1970 Wajapani wenyewe walikuja kuchimba shaba Musoshi, upande wa Kasumbalesa; waliondoka muongo uliofuata, na baadhi yao waliacha watoto. Kambo anayajua hayo yote. Nilipomwambia kuwa leo tunakula chakula cha Wajapani, alinyamaza kidogo, kisha akasema: basi na wao sasa watupe kitu.

Sasa twende jikoni. Wengi hukata tamaa wakisikia kwamba supu ya Kijapani inataka samaki mkavu wa huko na mwani wa bahari. Samaki mkavu huyo, katika nyumba nyingi za Japani, ni dagaa mdogo wa kuchemshwa na kukaushwa, wao humwita niboshi. Nenda sokoni uangalie beseni la kapenta na la ndagala wa Tanganyika. Hao si samaki wale wale wa niboshi, lakini sufuria haitaona tofauti kubwa. Kinachobadilika ni namna ya kuwatumia. Sisi tunamkaanga dagaa tukamla. Wao kwanza wanamlaza majini.

Chukua kapu dogo la dagaa, tuseme gramu 100, waliokauka vizuri na wasionuka mafuta yaliyochacha. Mmoja mweke mdomoni kabla hujanunua: akiwa na chumvi kali, utapunguza chumvi mbele ya safari. Wale wakubwa wakubwa wavunje kichwa na uwatoe matumbo, maana uchungu unakaa humo. Wadogo sana waache, usimalizie macho yako bure. Waoshe haraka kuondoa mchanga, wakaange bila mafuta dakika mbili hadi harufu ibadilike, kisha waloweke kwenye lita mbili za maji baridi. Usiku kucha kama usiku ni wa baridi, kama ile ya Juni na Julai. Siku za joto nusu saa inatosha. Kisha washa moto mdogo, yakianza kuchemka engua povu, subiri dakika kumi, chuja. Ukiendelea kuchemsha zaidi ya hapo utapata maji ya uvundo wa samaki, na watoto watakukimbia. Dagaa waliobaki kwenye chujio usiwatupe. Waweke kando.

Supu ya pili ni ya kuku. Jogoo mzee au kuku wa kienyeji aliyeacha kutaga ndiye bora. Kuku wa friza ana nyama nyingi na hadithi fupi. Kama mfuko ni mwembamba, mgongo, shingo na miguu ya kuku vitatoa supu nzito kuliko mapaja, na kwa bei ndogo. Funika kwa maji, tia kipande cha tangawizi, kitunguu kilichopasuliwa na kuunguzwa kidogo juu ya makaa, punje tatu nne za kitunguu saumu. Usitie chumvi. Acha itokote polepole saa mbili au tatu. Najua bei ya makala, kwa hiyo sikwambii ukae unapulizia mbabula mchana wote: baada ya saa ya kwanza, funika sufuria vizuri ikiwa bado inachemka, ifunge kwa blanketi kuukuu na magazeti, iweke ndani ya kikapu kikubwa. Itaendelea kujipikia yenyewe. Saa moja baadaye irudishe motoni ichemke tena kabisa kabla ya kupakua. Nyama itoe, ichambue, itarudi mezani.

Ukichanganya supu hizo mbili, ya kuku na ya dagaa, umefanya kile kinachofanywa na mikahawa mingi ya tambi kule. Si mchezo wa bahati. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alikuta kwamba utamu mzito wa supu ya mwani unatoka kwenye glutamati, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya kibonge cha Maggi. Samaki mkavu na nyama vina kitu kingine, na viwili hivyo vikikutana kila kimoja hukipandisha kingine. Kwa hiyo mama anayetia Maggi kwenye ndagala hajafanya ujinga. Amefanya kemia bila cheti. Ila kwa supu hii nusu kibonge inatosha sufuria nzima. Ukitia viwili, usiku watu wote watakuwa wanatafuta maji.

Chumvi haiingii sufuriani, inaingia kwenye bakuli. Hili nilichelewa kulielewa. Wajapani huweka kiungo cha chumvi chini ya bakuli, kisha humimina supu juu yake, na kila mtu anaweza kupata kiasi chake. Mwenye sosi ya soya, inayopatikana kwa Wachina na kwenye maduka makubwa, aweke vijiko viwili vya chakula kwa kila bakuli la mililita 300 hivi. Asiye nayo aweke chumvi, kijiko cha chai kisichojaa, na tone la mafuta ya kitunguu kilichokaangwa. Watoto nusu ya hapo. Mwenye presha, na nyumba zetu zina presha nyingi, awekewe kidogo kabisa na aambiwe mapema: ule tambi, supu uiache. Kuiacha supu kwenye bakuli la ramen si dharau.

Tambi zenyewe. Usihangaike kutafuta pakiti yenye herufi za Kijapani. Nunua spageti nyembamba kuliko zote dukani. Kinachoitofautisha tambi ya ramen na spageti ni maji yenye magadi: ndiyo yanayoipa unjano, harufu yake, na ule ukaidi mdomoni. Kule Okinawa zamani waliyapata maji hayo kwa kuchuja majivu ya kuni. Bibi zetu nao walichuja majivu kwa ajili ya mboga, na leo tunatia bikarbonate kwenye sombe, majani ya muhogo. Ajabu ni kwamba bikarbonate ile ile inayolainisha majani inaifanya tambi iwe ngumu kidogo, ivutike. Weka vijiko viwili vya chai kwa kila lita ya maji yanayochemka, polepole, kwenye sufuria isiyojaa zaidi ya nusu, kwa sababu yatapanda kwa povu na kuzima mbabula yako. Ongea na watoto wasogee. Na tafadhali sana: bikarbonate ya kupikia, ile ya pakiti ya dukani. Soda ya kutengenezea sabuni ni sumu inayochoma koo na tumbo. Usiiweke hata kwenye kabati moja na viungo.

Jambo jingine ambalo pakiti haikwambii: imeandikwa kwa watu wa pwani. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na huku maji huchemka yakiwa kwenye nyuzijoto kama 96. Dakika nane za pakiti ni tisa za Panda. Onja, usihesabu tu. Yai pia linataka dakika ya ziada. Kule mkahawani utaona yai ambalo kiini chake kinatiririka kama asali, nami nakiri ni tamu, lakini yai lililosafirishwa kwa lori na kukaa sokoni juani silipi ruhusa hiyo mbele ya mjamzito, mtoto mdogo au mzee. Dakika kumi na mbili, liive, kisha limenye na ulilaze saa moja kwenye sosi ya soya na maji. Litatoka kahawia, na hakuna atakayelilia kiini.

Juu ya tambi weka unachokiamini. Majani ya vitunguu, lengalenga iliyotiwa maji ya moto dakika moja tu, nyama ya kuku iliyochambuliwa. Kipindi cha mvua Katanga tuna utajiri ambao Mjapani angeulipia: uyoga. Wale wakubwa kama mwavuli wanaouzwa kando ya barabara, na wale wadogo wa njano, ukiwakaanga na mafuta kidogo hadi kingo zikauke, wanabeba bakuli zima peke yao. Nunua kwa mama unayemjua tangu mwaka jana. Uyoga si mahali pa kujaribu muuzaji mpya. Mwenye karanga asage, akaange na pilipili, atie kijiko kimoja kwenye supu, na hapo ataikaribia ramen moja ya viungo iliyotokea China ambayo Wajapani huikoleza kwa ufuta. Mwanangu wa pili hutia finkubala, viwavi wakavu, waliokaangwa wakakauka. Simkatazi. Wageni ndio hukaa kimya.

Nguruwe nimemwacha kwa makusudi. Ramen nyingi za mkahawani ni za mifupa yake, na kwenye meza moja ya Likasi unaweza kuwa na Mwislamu, Msabato na Mkimbangu kwa wakati mmoja. Kuku hamkimbizi mtu.

Sasa yale niliyoahidi. Kati ya aina zote za tambi za Kijapani, ninayoipendekeza kwa familia yetu si ile ya bakuli lililojaa supu. Ni tsukemen, yaani tambi za kuchovya. Tambi zinapikwa, zinaoshwa kwa maji baridi safi hadi utelezi uishe, zinachujwa na kulazwa kwenye sinia. Supu inakuwa pembeni, nzito, yenye chumvi mara mbili, kwenye kikombe kidogo cha kila mtu. Unachukua tambi kidogo, unachovya, unakula. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni: ni bukari, ugali wetu! Kipo chakula kikuu katikati, kipo kitoweo pembeni, mkono unamega, unachovya, unarudi. Kambo hakuhitaji kufundishwa kitu.

Na tambi hizi zinasubiri. Zimekwisha kupoa, haziko ndani ya supu, kwa hiyo sala iwe ndefu, simu ipigwe, mgeni achelewe. Zikishikana, nyunyizia maji vijiko viwili uzitenganishe kwa mkono. Kinachotakiwa kuwa moto ni supu tu, nayo inakaa juu ya mbabula hadi baba atakapoketi. Faida nyingine ni ya mfuko: kikombe cha mililita 150 kwa kila mtu badala ya 300, maana yake supu nusu tu. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, hakuna kilichoharibika. Na huhitaji mabakuli makubwa manane. Vikombe vya chai vinatosha. Kwa watu wanane mimi hupika pakiti moja na nusu za gramu 500, maana nina vijana wawili ambao hawajui neno shiba.

Ukitaka kweli kupakua supu iliyojaa bakuli, basi siku hiyo badilisha utaratibu na uuseme kabla watu hawajaketi. Mimi huwaambia hivi: leo tunaanza na watoto, kwa sababu tambi za baba zitachemshwa mwisho ili azipate zikiwa moto kuliko za wote. Si uongo, na heshima yake inabaki palepale, pengine inaongezeka. Chemsha za watu watatu watatu. Pasha mabakuli kwa maji ya moto kwanza. Sala isaliwe kabla tambi hazijaingia majini. Wadogo wa chini ya miaka mitatu, wakatie tambi kwa mkasi safi, wala usiwape karanga nzima.

Kuhusu kelele. Sisi tunamkanya mtoto anayefyonza supu kwa sauti. Wajapani wanaifyonza tambi kwa sauti na hakuna anayegeuka, na hewa inayoingia huipoza tambi njiani. Nyumbani kwangu tuliafikiana: kelele zinaruhusiwa siku ya tambi, ila kambo akiketi mbele yako unapunguza. Vijiti ni mchezo mzuri wa watoto wenye zaidi ya miaka sita. Wengine wapeni uma. Ila mkivitumia, msivichomeke vikasimama wima ndani ya bakuli la wali: kule ndivyo wanavyomwekea marehemu.

Mzee akikataa kuamini kwamba ameshiba bila bukari, usibishane naye. Songa mdogo, uweke kando. Hata Wajapani wengi huagiza wali pamoja na ramen, au huumimina kwenye supu iliyobaki. Bukari uliopoa, ukikatwa vipande na kuchovywa kwenye supu ile ya dagaa na kuku, ni kitu ambacho sitawaeleza, jaribuni.

Pakiti za tambi za papo hapo sizichukii. Momofuku Ando alizitoa mwaka 1958 Osaka, na zimewalisha wanafunzi wengi kuliko maandishi yangu yoyote. Zikiwa ndizo zilizopo, tupa nusu ya kile kipakiti cha unga wa chumvi, tumia supu yako mwenyewe, tia yai na majani.

Na ikitokea mmesafiri, Nairobi, Dar es Salaam, Johannesburg au mbali zaidi, mkakutana na mkahawa wenyewe, kumbukeni mambo machache. Mingi ni midogo. Watu wanane waliokuja pamoja wanaweza kugawanywa. Fikeni kabla ya saa ya watu wa kazini. Ulizeni mfupa wa supu ni wa mnyama gani kabla hamjaagiza, na kama kuna mwenye mzio wa ngano, yai au soya kitajeni kitu chenyewe kwa jina. Soba ina unga wa mmea mwingine, mara nyingi ukichanganywa na ngano, na mmea huo nao huwadhuru wengine vibaya. Msiagize bakuli moja la kugawana watu wanne. Ombeni bakuli dogo tupu kwa ajili ya mtoto. Kijana asiyeshiba aombe tambi za kuongeza, bei yake ni ndogo kuliko bakuli la pili, lakini lazima awe amebakiza supu.

Supu iliyobaki nyumbani, kama friji haina umeme wa kuaminika, isilale. Inywe, au mpe jirani ikiwa bado moto. Na wale dagaa uliowaweka kando? Jioni hiyo hiyo wakaange mpaka wakauke kabisa, na kitunguu, nyanya mbili na pilipili moja. Wametoa ladha kidogo tu, nyama yao bado wanayo. Kesho yake mchana pasha vizuri, songa bukari. Kambo hula tambi zangu Jumapili kwa adabu, vikombe viwili, na kunishukuru. Lakini Jumatatu ndiyo anayowahi kunawa mikono.